Lami mpya, mwendo mpya: nani atashika breki?

Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha hapa Kiseke, mambo mawili hutokea asubuhi ile ile. Kwanza, maji hushuka kwa nguvu kutoka kwenye milima yetu ya mawe, yakabeba mchanga na kuumwaga juu ya lami. Pili, bodaboda wa kwanza anateleza kwenye mchanga huo, mara nyingi akiwa na abiria nyuma.

Tukilizungumza jambo hili kwenye kipindi, simu huwa haziishi. Msikilizaji wa Kisesa alituambia kinachotumaliza ni mashimo. Wa Lamadi akakataa, akasema ni madereva na mwendo wao. Fundi mmoja wa gereji pale Igoma akacheka, akasema, "Nyie mnabishana, magari mnayopanda mngeyaona kwa chini msingepanda."

Wote watatu wamesema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja akisema lake, anapata wa kumlaumu, na wa kulaumiwa huwa ni mtu mwingine. Tumeandika makala hii tuyaweke hayo matatu pamoja, yaani barabara, gari na mguu wa dereva, kwa sababu mvua zinakuja na safari za mwisho wa mwaka zinakuja nazo.

Shimo lilikuwa breki yetu

Wenyeji wa huku wanaikumbuka barabara ya kutoka Sabasaba kupitia Kiseke hadi Buswelu ilivyokuwa kabla ya lami. Kiangazi ilikuwa vumbi hadi kwenye chungu cha mboga. Masika ilikuwa tope. Daladala ilikuwa inatambaa. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika, maana mgonjwa alichelewa na nyanya zilifika sokoni zimepondeka.

Lami ilipokuja tulifurahi. Lakini kuna jambo hatukuliona haraka. Ile barabara mbovu ilikuwa inafanya kazi ya breki. Dereva hakuweza kukimbia hata kama angetaka, na gari lenye breki mbovu halikujulikana, kwa sababu hakuna aliyefika mwendo wa kuijaribu breki yenyewe.

Barabara ikishanyooka, kazi ile ya kupunguza mwendo inahamia kwa watu wawili: dereva na fundi wake. Kama hawako tayari kuipokea, lami ile ile tuliyoishangilia inaanza kutuletea misiba.

Jambo hili haliishii Kiseke. Tazama barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Magu, Lamadi, Bunda na Musoma. Ni lami, imenyooka sehemu nyingi, na pembeni yake kuna shule, minada na visima. Kwenye barabara hiyo hiyo, tarehe 5 Septemba 2014, mabasi mawili na gari dogo vilihusika katika ajali eneo la Sabasaba, karibu na Musoma. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Wapo wasikilizaji wetu ambao hadi leo hawapiti pale bila kunyamaza kidogo.

Tazama pia upande wa pili. Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi, lilizinduliwa Juni 2025. Kabla yake, kila gari la kwenda Sengerema na Geita lilisimama kusubiri kivuko. Dereva alishuka, akanyoosha miguu, akanywa chai, akaangalia tairi zake. Sasa unavuka kwa dakika chache. Ni maendeleo makubwa na hatutaki kurudi nyuma. Ila mapumziko yale ya lazima hayapo tena, na kama dereva hajiwekei ya kwake, anafika Geita akiwa hajasimama popote.

Na mabasi ya masafa marefu, tangu Oktoba 2023, yameruhusiwa tena kusafiri saa 24. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Usiku kuna usingizi, kuna ng'ombe waliolala barabarani kwa sababu lami ina joto, na kuna lori lililoharibika bila taa.

Kwa hiyo kila kinachorahisisha safari kinadai umakini zaidi. Hilo ndilo tunaloliona kama kiini cha mjadala huu.

Hesabu ya mita ambayo dereva haambiwi

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema kwenye maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Mabasi ya abiria na magari makubwa ya mizigo hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa popote. Wengi wanadhani namba hizo zimewekwa ili trafiki apate cha kuandika. Hebu tuzipime kwa mita.

Mtoto akikatiza ghafla, dereva mzima asiyelewa anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kupeleka mguu kwenye breki. Muda huo wote gari linaendelea na mwendo ule ule.

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 21 kabla breki haijaguswa. Likishaguswa breki, kama lami ni kavu na tairi ni nzuri, linahitaji mita kama 14 nyingine kusimama. Jumla mita 35.

Kwa kilomita 80 kwa saa, jumla inakuwa karibu mita 70.

Kwa kilomita 100 kwa saa, jumla inakaribia mita 100. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira, kutoka goli hadi goli.

Hapo ni pakavu. Mvua ikinyesha, yule wa kilomita 80 anahitaji mita kama 95, na yule wa kilomita 100 anakwenda mbali zaidi ya uwanja wa mpira. Tairi likiwa kipara, hesabu inakuwa mbaya kuliko hiyo.

Angalia jambo moja: mwendo umeongezeka mara mbili, kutoka 50 hadi 100, lakini umbali wa kusimama haukuongezeka mara mbili. Umekaribia mara tatu. Ndiyo maana dereva aliyezoea kuendesha mjini anashangaa gari "limekataa kusimama". Breki hazikukataa. Mita ndizo zilikuwa hazitoshi.

Hesabu ya pili ni ya kuovateki. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, mbele yake kuna lori la pamba linalokwenda 60. Ili basi litoke nyuma ya lori, lilipite na kurudi upande wake bila kulibana, linahitaji kama sekunde 12 au 13. Ndani ya sekunde hizo limekwenda karibu mita 280. Gari linalokuja mbele, nalo kwa 80, limekuja mita 280 nyingine. Kwa hiyo dereva wa basi anatakiwa kuona zaidi ya nusu kilomita ya barabara iliyo wazi. Kwenye kona huioni. Kwenye kilele cha mlima huioni. Usiku unaona mwanga tu, na kama gari linalokuja lina taa moja, unadhani ni bodaboda iko mbali, kumbe ni lori liko jirani.

Tochi, matawi na mawe

Tunaosafiri njia hizi tunaijua lugha ya madereva. Gari likija mbele likakuwashia taa mara mbili mchana, maana yake kuna askari wa tochi. Ghafla kila mtu anakuwa mstaarabu, mwendo unashuka hadi 45. Tukishampita trafiki, kondakta anacheka, dereva anakanyaga mafuta kufidia muda.

Tabia hiyo inatuambia kitu. Dereva anaujua mwendo halali na anaweza kwenda nao. Anachoogopa ni faini peke yake. Na sisi abiria tunamsaidia, maana tunacheka pamoja na konda.

Kwa mabasi, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa gari akiwa barabarani. Kifaa kinafungwa kwenye basi, mwendo ukizidi 80 taarifa inaonekana. Umesaidia. Lakini Noah na Probox zinazobeba abiria vijijini, zile tunazoziita michomoko, hazina mtu anayezitazama kwa jinsi hiyo. Na ndizo tunazopanda zaidi tukitoka Nyanguge, Sumve au Ngudu.

Tabia nyingine ni ya gari likiharibika. Utingo anakata matawi anayatandika nyuma ya lori kama ishara. Mchana yanaonekana. Usiku hayaonekani, kwa sababu jani haling'ai kama kiakisi mwanga. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga ni vitu vidogo, na zingemwonya mtu aliye mbali. Kisha lori likitengenezwa, wanaondoka na kuyaacha mawe waliyozuilia tairi. Mwanza tunajivunia mawe yetu, lakini jiwe lililoachwa katikati ya lami saa mbili usiku ni mtego. Mwendesha pikipiki akilipiga, mara nyingi haamki.

Na ipo tabia ya kushuka mteremko na nyutro, ati kuokoa mafuta. Gari likiwa nyutro, injini haisaidii kulishika, kazi yote inabaki kwa breki, na breki zikipata moto sana zinapoteza nguvu. Wanaozima injini kabisa wako pabaya zaidi, kwa sababu breki za magari mengi zinategemea injini iwake ili ziwe nyepesi, na stelingi vilevile. Mafuta unayookoa hayafiki hata bei ya chapati.

Tairi lililodanganya macho yetu

Hapa tujisemee wenyewe, tusiwanyooshee wengine vidole tu.

Tulikuwa tunarudi kutoka kurekodi kipindi Magu, tumo watano kwenye gari la kazi. Lami kavu, mchana kweupe, mwendo kama 70. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari likayumba kulia, likarudi kushoto, dereva wetu akashika stelingi kwa mikono miwili, akaachia mafuta, hakukanyaga breki kwa nguvu. Tulisimama pembeni ya shamba la mpunga, hakuna aliyesema neno kwa muda.

Tairi lile tulikuwa tumelinunua miezi minne tu kabla. Lilikuwa na meno mazuri, jeusi, linang'aa. Tuliambiwa ni kama jipya. Fundi aliyekuja kutusaidia akafuta vumbi ubavuni mwa tairi, akatuonyesha namba nne ndani ya kijiduara kirefu: 3512. Akatueleza kwamba hiyo ni wiki ya 35 ya mwaka 2012. Tairi lilikuwa na umri zaidi ya miaka kumi. Mpira ulishakauka kwa ndani, meno yake yalikuwa mazuri kwa sababu lilikaa stoo.

Tangu siku hiyo hatununui tairi bila kusoma namba hizo. Nawe ukienda dukani, iwe tairi jipya au la mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa zimefutwa au kukwanguliwa, usinunue. Na tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu usilifunge popote kwenye gari, kwa sababu mpira uliokatwa ni ule uliokuwa umebaki wa kukulinda.

Jambo la pili ni upepo. Magari mengi yetu yanatoka Japani. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, utakuta karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani. Usiogope maandishi, tafuta namba. Ikiandikwa 220, ni sawa na kama 32 kwenye kipimo cha mtu wa pancha. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo mdogo, limebeba watu tisa na magunia mawili, likikimbizwa juani, linajikunja na kupata moto hadi linapasuka. Watu husema "limepasuka lenyewe". Hakuna tairi linalopasuka lenyewe.

Jambo la tatu ni mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu taratibu kutoka hewani. Yakishachanganyika na maji, breki zikipata moto yanachemka, na pedali inashuka chini kama umekanyaga sifongo. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Wenye magari wengi huongeza tu juu, hawabadilishi.

Na kabla ya mvua, vitu vitatu vya bei ndogo: mpira wa waipa, balbu za taa zote mbele na nyuma, na kioo cha mbele kisichokuwa na ukungu wa mafuta. Gari la jicho moja na waipa inayokwaruza si la kusafiri nalo usiku.

Sisi hatubezi imani ya mtu. Wapo wanaosema kona fulani ina mizimu inayotaka damu. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kuilaumu kona, tusome namba ya tairi, tukague breki, tuulize dereva amelala saa ngapi.

Nani anaimaliza lami

Turudi kwa msikilizaji wetu wa Kisesa aliyelalamikia mashimo. Shimo halianzi kama shimo. Linaanza kama ufa mwembamba unaoweza kuufunika kwa kidole. Maji yanaingia kwenye ufa, yanalainisha kifusi kilicho chini, gari zito linapita, lami inabonyea, ufa unapanuka. Mvua moja au mbili baadaye kipande kinang'oka. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye lami maneno hayo ni ya kweli kabisa, kwa sababu kuziba ufa ni kazi ya siku moja na kujenga upya kilomita moja ni kazi ya fedha nyingi na miezi.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa barabara ni maji yaliyokosa pa kwenda. Hapa Kiseke na mitaa ya jirani, milima ya mawe hainyonyi maji, yote yanashuka. Mtaro ukiwa umejaa mifuko, maganda na mchanga, maji yanapanda juu ya lami. Huko kwenye mbuga za Magu, Kwimba na Misungwi, tatizo ni udongo mweusi. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Barabara iliyo juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Kalvati likiziba huko, maji yanalala kando ya tuta la barabara wiki nzima, na tuta linalainika kutoka chini.

Adui wa pili ni uzito. Hapa kuna hesabu ambayo wahandisi wanaifahamu tangu majaribio makubwa yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Uharibifu wa barabara hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli, unaongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Ekseli ikizidishiwa uzito kwa asilimia 20 tu, uharibifu unakuwa kama mara mbili. Ikizidishiwa kwa nusu, uharibifu unakuwa kama mara tano.

Ndiyo sababu ya mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na tani 56 kwa gari zima. Tajiri anayejaza lori kupita kiasi anapata faida ya safari moja. Gharama yake analipa mama anayepelekwa hospitali kwa bajaji kwenye mashimo miaka miwili baadaye.

Kwa hesabu hiyo, gari dogo haliiumizi lami kwa kiasi cha kutajwa. Lakini sisi wa magari madogo na wa kwa miguu tunaiumiza kwa njia nyingine. Tunatupa taka kwenye mtaro. Tunalima hadi kwenye ukingo wa barabara na kuelekeza tuta la mahindi kwenye kalvati. Tunaanika mpunga na udaga juu ya lami, tukiulinda kwa mawe. Tunapitisha ng'ombe kila siku mahali pamoja hadi bega la barabara linamomonyoka. Hayo hayahitaji mkandarasi, yanahitaji sisi tuache.

Barabara hii ni ya nani?

Swali hili tunaulizwa kila wiki. Mtu anaona kalvati limekatika, hajui amwambie nani.

TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000, inasimamia barabara kuu na barabara za mikoa. Hizo ni kama ile ya Mwanza kwenda Musoma, au Mwanza kwenda Shinyanga kupitia Usagara na Misungwi. Mtandao wake ni zaidi ya kilomita 36,000 nchi nzima.

TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini. Mtandao wake ni zaidi ya kilomita 144,000, karibu mara nne ya ule wa TANROADS, na sehemu kubwa bado ni udongo na changarawe. Barabara ya kutoka kijijini kwako hadi kwenye lami, kwa kawaida iko huku.

Fedha za matengenezo zinatoka sehemu kubwa kwenye tozo ya mafuta, kupitia Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA. Maana yake bodaboda anayeweka lita mbili asubuhi amechangia barabara kabla hajapata abiria wa kwanza. Hata wewe usiye na chombo umechangia, kwa sababu tozo hiyo imo ndani ya nauli na ndani ya bei ya sukari iliyoletwa na lori.

Kwa hiyo kuuliza si usumbufu. Barabara ikiharibika, piga picha kwa simu yako. Andika mambo matatu: jina la mahali, kitu kilichoharibika, na tangu lini. "Kalvati la kwenye mto kabla ya shule ya msingi limeziba tangu mvua ya Jumanne" ni taarifa inayofanyiwa kazi. "Barabara yetu mbovu" haimsaidii mhandisi. Peleka kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mtendaji, mwambie diwani, na nakala ifike ofisi ya TARURA ya wilaya, au TANROADS mkoa kama ni barabara kuu. Weka kumbukumbu ya siku uliyopeleka.

Abiria, nawe una breki yako

Wasikilizaji wengi wetu hawamiliki gari. Wanapanda. Mara nyingi wanatuambia, "Sisi abiria tutafanya nini?" Tunalo jibu, ingawa si jepesi.

Kabla ya kupanda, lizunguke gari mara moja. Angalia tairi nne. Ukiona nyuzi au kipara, subiri jingine. Ukiona wamekaa watu watatu kiti cha mbele na dereva anabadili gia kati ya magoti ya mtu, subiri jingine. Tunajua jingine linaweza kuchelewa saa nzima. Saa nzima ni kidogo.

Mkiwa ndani, mwendo ukizidi, sema. Sema kwa heshima: "Dereva, samahani, tunaomba upunguze mwendo, tuna watoto humu." Dereva akijibiwa na mtu mmoja anamwona msumbufu. Wakiitikia watatu, anapunguza. Tumeliona hili kwa macho yetu zaidi ya mara moja. Kinachotuangusha ni abiria wanaosema, "Mwache dereva, anajua kazi yake, sisi tunawahi."

Akikataa, kwenye mabasi kuna namba za LATRA na za polisi zimebandikwa ndani. Namba ya dharura ni 112. Chukua namba ya gari, muda na mahali. Na wazee wetu, mnapowapa vijana hela ya kuanzia bodaboda, ulizeni kwanza leseni na kofia mbili ngumu, ya dereva na ya abiria, kabla hamjauliza hesabu ya siku.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Kwa namba kubwa hivyo mtu anaweza kuona kwamba halimhusu. Lakini msiba unaingia nyumba moja moja. Ni baba wa fulani, ni binti aliyekuwa anarudi shule, ni dereva aliyekuwa anatafuta ada.

Tunarudi pale tulipoanzia. Lami ya Kiseke tunaitaka, daraja la Busisi tunalitaka, na barabara ya kijijini kwako tunataka nayo ifike zamu yake. Ila tusisahau kwamba shimo likiondoka, breki lazima ipatikane kwingine: kwenye gereji, kwenye mguu wa dereva, na kwenye mdomo wa abiria.

Wiki hii, kabla mvua hazijakolea, tunakuomba ufanye moja kati ya haya. Kama una gari, soma namba nne za kila tairi, na la akiba usilisahau. Kama huna, chukueni majembe na majirani, mzibue mtaro mmoja au kalvati moja lililo karibu nanyi. Kisha mtutumie picha ya kabla na ya baada, tuitaje sehemu yenu hewani, na wa kijiji cha pili wasikie.